Shangazi Amekula Tasnifu Yangu

"Shangazi, ile bahasha ya kaki niliyoiacha kabatini iko wapi?"

"Ya maharage? Yalikuwa machache, nikayaongezea kwenye makande ya jana. Si ulirudia sahani mwenyewe, baba!"

Hayo yalisemwa juzi Kihesa, Iringa, kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Mbele yangu kompyuta ilikuwa wazi, na ndani yake profesa wa Ulaya akipima kama ninafaa kusomea uzamivu wa jenetiki ya mimea chuoni kwake. Profesa hakuambulia neno. Ila pembeni yake alikaa mwanafunzi wake, Mkenya, na huyo alielewa yote mpaka akainamia chini ya meza. Profesa akaomba atafsiriwe. Akatafsiriwa.

Asiyewahi kuozesha haragwe hawezi kuujua uchungu wangu. Ua la haragwe hujichavusha lenyewe kabla ya kufunguka. Likichanua, mambo yamekwisha zamani. Inabidi uliwahi likiwa tumba. Unalipasua kwa kibano, unaikunjua petali ya ndani iliyojisokota, unang'oa stameni zote 10 bila kuigusa stigma. Kisha unachukua stigma ya ua baba iliyojaa chavua na kuinasa kwenye ile ya mama, zing'ang'aniane. Siku chache baadaye matumba mengi yamedondoka. Likishika moja, utavuna punje nne, labda tano.

Mama wa punje zangu za kwenye bahasha alikuwa Uyole 96, nyekundu, kubwa, ukoo wa Milima ya Andes. Baba alikuwa jeusi dogo lenye asili ya Amerika ya Kati. Watu wa kale waliyageuza maharage kuwa zao mara mbili, kila upande kivyake, na koo hizo zimetengana muda mrefu mno hivi kwamba baadhi ya watoto wao hudumaa wakawa vibete. Wangu wangekuwaje, sitajua kamwe.

Na shangazi simlaumu. Ngozi ya punje hutengenezwa na mama peke yake. Baba yumo ndani, kwenye kiinitete, na kwa nje haonyeshi hata doa. Chotara wa kwanza ana rangi ileile ya punje za mamaye. Zikishatoka kwenye bahasha, hata mimi niliyezibeba kutoka Mbeya nisingezitambua ungoni.

Profesa alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa upole: zilichukua muda gani kuiva? Swali la haki kabisa, maana mkaa ni ghali na watafiti wanatafuta kweli haragwe linaloiva upesi. Sikuwa na jibu. Shangazi alikuwa nalo, akalitoa akiwa jikoni, likatafsiriwa, na profesa akaliandika. Mimi nimeambiwa nisubiri.

Basi nikageukia kwingine. Pietermaritzburg, Afrika Kusini, unasoma darasani kisha unarudi nyumbani kufanyia utafiti shambani kwenu; nafasi za ufadhili zimeshajaa. Legon, Ghana, kuna kituo tangu 2007 cha kuwasomeshea Waafrika uboreshaji wa mazao hapa hapa Afrika; wajomba wamesema Ghana ni mbali. Baba mdogo anataka Sokoine, Morogoro, kwa sababu basi linafika.

Ng'ambo kimebaki chuo kimoja, kinachotaka nikithibitishie kwamba najua Kiingereza. Tangu kidato cha kwanza nimefundishwa kwa Kiingereza, nimechapwa kwa kuongea Kiswahili, na shahada zangu mbili ni za lugha hiyo. Waliotutawala walituachia lugha yao, na leo tunalipa kwa dola kuwahakikishia kwamba iliingia. Juu ya ada kuna nauli ya Dar es Salaam na gesti, halafu matokeo yanaisha nguvu baada ya miaka 2, kana kwamba Kiingereza huchacha. Kijana wa London hata akiandika ovyo haulizwi.

Niliwaandikia kurasa mbili za malalamiko. Wamejibu kwamba barua yangu imeandikwa kwa Kiingereza kizuri sana, na kwamba bado wanasubiri cheti.