Bibi Harusi Aliyekubali Midomo Imefungwa

Video ya harusi ya mdogo wangu tuliitazama nyumbani Katindo, sebule imejaa mashemeji. Misa ilikuwa ndefu, maana hapa Goma kwaya ikishafika haikubali kuimba wimbo mmoja. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Baada ya nusu saa, ngoma ikaanza kulia kabla mkono wa mpigaji haujashuka. Saa mbili zilipopita, padri akauliza, na “ndiyo” ikasikika wazi huku midomo ya bibi harusi imefungwa kabisa.

Shangazi akashika kiuno: “Sasa huyu aliyekubali ni nani?”

Baba mdogo, aliyechangia ng’ombe wawili katika mahari, akataka mahesabu yaanze upya.

Kijana wa kamera akamlaumu kijana wa sono. Kijana wa sono akaulaumu umeme. Mkosaji alikuwa jiwe. Picha zilichukuliwa kwa kamera, sauti ikarekodiwa kwenye kompyuta, na kila mashine ina saa yake: kipande cha jiwe la kwatsi kinachotetemeka. Zote mbili huahidi kuhesabu sampuli 48,000 za sauti kila sekunde. Lakini kwatsi ya kawaida inaweza kukosea sehemu 50 katika milioni. Moja ikiwahi na nyingine ikizembea kwa kiasi hicho, zinaachana sekunde 0.36 kila saa. Kwa saa mbili, ni nafasi ya kutosha bibi harusi kuolewa bila kufungua mdomo.

Wakongo tumezoea kuishi na saa mbili tofauti. Kinshasa iko nyuma ya Goma kwa saa moja, na hakuna anayegombana: unatoa moja, unapiga simu. Lakini tofauti hiyo haiongezeki. Ya mashine hukua kimyakimya, kama deni la dukani.

Ndiyo maana dawa ya kijana wa sono haikusaidia. Aliichelewesha sauti yote mpaka “ndiyo” ikakaa midomoni. Papo hapo kwaya ya mwanzo ikawa inapanua vinywa, wimbo unafuata baadaye. Ilibidi sauti yote irefushwe kidogo kidogo, toka mwanzo hadi mwisho.

Wewe unayeoa mwaka huu, mwambie fundi wako apige makofi mbele ya kamera kabla ya misa na baada yake. Ya kwanza yataonyesha pa kuanzia. Ya pili, saa zimeachana kiasi gani. Bora zaidi, avute waya kutoka kwenye mikisa ya sauti mpaka kwenye kamera, ili saa ileile ihesabu sauti na picha.