Mpelelezi Asiyeroga

Eti umeigundua filamu ambayo Kigali nzima haijaiona: Cast a Deadly Spell ya 1991. Los Angeles ya 1948, kila mtu anaroga isipokuwa mpelelezi Lovecraft, anayeigizwa na Fred Ward. Hongera, bwana. Ila agasobanuye, zile filamu zinazosimuliwa kwa Kinyarwanda, huzigusi, za washamba. Haya. Huko Nyamirambo msimuliaji angekwisha kumtaja muuaji kabla Fred Ward hajavaa kofia, akamkaripia kwa kuingia mlango wenye nuksi, na ukumbi mzima ukamuunga mkono. Wewe uko sebuleni peke yako, unasimamisha picha kila mara usome maandishi ya chini. Na flashi yenye filamu hiyo amekujazia nani? Si yuleyule kijana wa Nyabugogo anayewajazia washamba?