Nyuki Hana Muda wa Picha

Wahenga waliosema "fuata nyuki ule asali" walimfuata mikono mitupu. Mimi nilimfuata na kamera, na nilichokula si asali.

Kamera yenyewe ni ya mtumba. Niliinunua Kariakoo pamoja na lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ambayo muuzaji aliapa kwamba inaonyesha hadi vinyweleo vya sisimizi. Mke wangu aliuliza, kwa upole wake ule ninaouogopa, kama tuna sisimizi yeyote mwenye shida ya vinyweleo. Nikamwambia asubiri vuli, tukienda kwao Marangu ataona.

Ulaya wana majira yao ya maua, theluji ikishayeyuka. Sisi tuna mvua. Kilimanjaro, siku kama kumi baada ya mvua kunyesha vizuri, mibuni huamka asubuhi moja imevaa nyeupe tupu. Harufu yake ni ya asumini kabisa; mtoto wa Tanga kama mimi hudhani kuna harusi kwa jirani. Lakini harusi yenyewe ni fupi: siku mbili tatu, maua yamenyauka. Kwa hiyo asubuhi hiyo sikupoteza muda. Nilikunywa chai kwa ndizi mbivu tatu, nikavaa fulana nyeusi kama mpiga picha mmoja niliyemwona kwenye televisheni, nikaingia kihambani kwa baba mkwe.

Nyuki walikuwapo, tele. Tatizo ni kwamba nyuki hupiga mabawa zaidi ya mara 200 kwa sekunde moja. Kamera yangu, kwenye kivuli kile cha migomba, ilikuwa inafumbua jicho kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde. Kwa muda huo nyuki ameshapiga mabawa karibu mara nne na anaaga. Picha ya kwanza: ua. Ya pili: ua linatikisika. Ya tatu: kidole changu.

Halafu lenzi ile ina masharti kama mganga. Ukikaribia hivyo, sehemu inayoonekana vizuri ni nyembamba kama punje ya mchele. Nikivuta pumzi, nyuki anayeyuka kwenye ukungu; nikiitoa, unarudi mguu wake mmoja. Nikaamua kuibana pumzi kabisa. Nikaibana mpaka masikio yakaanza kuvuma, nikajiambia ni damu. Haikuwa damu. Katika kunyatia nilikuwa nimefika chini ya mzinga wa gogo wa baba mkwe.

Wa kwanza aliingia kwenye nywele. Wa pili alinichoma mdomo wa juu. Nikasikia sauti ya mzee kutoka migombani, tulivu kabisa.

"Mwanangu, umekula nini asubuhi?"

"Ndizi, baba."

"Ngapi?"

"Tatu."

Akanyamaza kidogo, kama anayepiga hesabu.

"Kimbia."

Baadaye ndipo alipofafanua. Nyuki akichoma huacha mwiba wake, na pamoja na mwiba huacha harufu ya kuwaita wenzake vitani. Harufu hiyo inafanana na ya ndizi mbivu, na kweli zote mbili zina kemikali ileile. Ndiyo maana wenye mizinga huonyana wasile ndizi kabla ya kuisogelea. Mimi nilikuwa nimeinama nawapumulia usoni tangazo la vita, tena ndani ya fulana nyeusi, rangi ambayo nyuki hawana uvumilivu nayo.

Nilikimbia. Mbele yangu kulikuwa na mfereji, ile mifereji ya Wachaga inayoteremsha maji kutoka mlimani, nami nilikuwa na haraka kuuzidi. Nikaanguka chali. Maji yalikuwa ya baridi ya kukatisha kauli, lakini mkono wa kulia ulibaki juu, kamera kavu, kama sanamu ya shujaa aliyezama. Baba mkwe alinitoa, akaikwangua miba kwa ukucha chapuchapu, maana mwiba huendelea kusukuma sumu hata mwenyewe akishaondoka. Alihesabu sita. Jioni wazee walipokuja kutusalimu, mdomo ulikuwa umevimba haunitii, nikawaamkia wote "shikaboo". Waliitikia "marahaba" bila kucheka, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Usiku nikakagua kazi. Picha 214. Mia mbili na kumi na tatu zilikuwa ukungu. Moja ilikuwa dhahabu: juu ya ua jeupe, mistari ya njano na nyeusi, macho makubwa yanang'aa, mabawa yanaonekana hadi mishipa. Nikampelekea baba mkwe. Akavaa miwani, akaitazama kwa muda mrefu.

"Picha nzuri."

"Asante, baba."

"Hesabu mabawa."

Nikahesabu. Mawili.

"Nyuki ana manne," akasema, akivua miwani. "Huyu ni nzi. Anavaa kama nyuki ili ndege wamwogope. Ndiyo maana alikutulia. Nyuki ana kazi, hana muda wa picha."

Picha hiyo tumeitundika sebuleni, kwenye fremu. Wageni huisogelea, wakarudi nyuma kidogo. "Nyuki huyo! Na ulivyomkaribia, hakukuchoma?"

Mke wangu hukohoa. Nami hujibu kwa ukweli mtupu:

"Huyo? Hata kidogo."