Kidole Gumba Si Geji

Mfyuu! Hebu mtazameni yule dogo. Ameinama, kabonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba, katikisa kichwa kama daktari bingwa, kisha huyoo, kaondoka na abiria na gunia la mkaa juu. Hapa kijiweni hatuna mjinga. Muulize mtu kocha gani afukuzwe, atakupa sababu mpaka jua lizame. Muulize tairi lake lina upepo kiasi gani, atakujibu: "Limeshiba."

Limeshiba ngapi, mwanangu?

Maana kidole hakijui tofauti ya psi 22 na psi 32. Tairi la pikipiki lina kuta ngumu. Hata likipungukiwa sana, ukilibonyeza linakukazia tu. Na jibu mnatembea nalo kila siku: liko kwenye kitabu cha pikipiki, na mara nyingi kwenye kibandiko cha kava la cheni, kile mlichokifunika kwa stika za timu. Boxer nyingi zinazopiga kazi hapa zinataka psi 25 mbele. Nyuma ni 28 ukiwa peke yako, 32 ukipakia abiria. Mbele na nyuma haviwi sawa kwa sababu mzigo unakaa nyuma. Sasa wewe bodaboda, siku nzima unabeba watu, unajaza upepo wa mtu anayekwenda kusalimia shangazi yake!

Halafu kuna wale wa mishikaki. Abiria wawili, mtoto katikati, begi kifuani. Ndugu yangu, kibandiko kina mstari wa dereva peke yake na mstari wa dereva na abiria. Mstari wa mishikaki haupo. Aliyeiunda pikipiki hakuwaza kwamba ungefika huko.

"Mzee, mimi naweka 40, ndiyo haliingii pancha." Aka! Msumari haupigi hodi kuuliza upepo. Utakachopata na 40 yako ni tairi lililovimba katikati, linalogusa lami kwa kipande chembamba. Litalika katikati likae kipara, mabegani bado jipya. Kila shimo litakupiga kiunoni. Na masika haya, mvua ikishamwaga mchanga barabarani, ukishika breki ghafla utateleza mbele ya macho ya abiria wako.

Upepo mdogo nao una kesi yake. Kuta zinajikunja na kujikunjua kila mzunguko, tairi linachemka, usukani unakuwa mzito, mafuta yanakwenda. Ukiingia shimoni, ringi inaibana tyubu, inatoboka matundu mawili sambamba, wewe unamlaumu fundi pancha. Ukiona valvu imelala upande badala ya kusimama wima, jua tairi limeteleza kwenye ringi na kuivuta tyubu. Ukiendelea hivyohivyo itachanika shingoni, na hapo hakuna kiraka.

Mjuaji mwingine kasoma namba ubavuni mwa tairi, kaja anatamba. Ile ni ya mzigo wa juu kabisa ambao tairi linaweza kubeba, na upepo unaoendana nao. Aliyetengeneza tairi hajui litafungwa kwenye pikipiki gani. Anayejua ni aliyetengeneza pikipiki, msikilize huyo. Na pale sheli tazameni kipimo kimeandikwa nini. Bar 2 ni kama psi 29. Msije mkakaa mnatafuta 29 ya bar, mtatuua.

Kubwa zaidi ni saa ya kupima. Mnapima saa nane mchana, mmetoka Mbagala mmekwenda Kariakoo mmerudi, tairi ukiligusa linaunguza. Upepo uliopata joto unapanda, karibu psi 1 na nusu kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Mtu anaona geji inasoma 36, anashtuka, anaupunguza mpaka 32. Usiku tairi linapoa, asubuhi anaondoka na 28 akiwa na abiria. Pima alfajiri kabla hujawasha, au pikipiki ikiwa imepumzika kwa saa tatu hivi.

Na vile vifuniko vya valvu mnavyotupa! Vinazuia vumbi na mchanga visiingie kwenye pini. Kama unajaza leo na kesho upepo umepungua, weka mate pale kwenye valvu uone kama yanatoa mapovu, kabla hujamfungulisha fundi tairi zima bure.

Kijiwe hiki kinachangia harusi, kinachangia misiba, jezi za bonanza ndiyo usiseme. Changeni geji moja ya mkononi, ikae kwa mweka hazina, kila mtu apime japo mara moja kwa wiki. Pikipiki yako ikiwa na namba tofauti na hizi zangu, fuata za pikipiki yako. Na atakayesema geji ni ghali, atutajie kwanza tyubu ngapi kanunua tangu mwaka uanze.