Kungwi wa Banda: Pora Kabalehe, Mitetea Hawana Raha

Mwezi huu barua zote alizopokea Kungwi wa Banda zina kesi moja: pora aliyeanza kuwika. Bibi huyu hafundishi mabinti tena. Siku hizi anafunda kuku, na anasema kuku wanasikia zaidi.

Barua ya kwanza imetoka Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam. "Shikamoo Bibi," anaandika mama mmoja. "Vifaranga wangu wamebaki mitetea wanne na mapora watatu, wote wa miezi mitano. Asubuhi nikifungua banda tu, vijana wote watatu wanamkimbiza dada yao mmoja, wanampanda kwa zamu mpaka analia. Mgongoni hana unyoya. Nimempaka mafuta ya taa, wapi."

Marahaba, alijibu Kungwi, na mafuta ya taa yarudi jikoni. Kosa ni la hesabu. Jogoo mmoja huwatosha mitetea kama 8 hadi 12, na pale Chanika kila bwana hana hata mabibi wawili. Isitoshe, mapora hubalehe mapema kuliko dada zao wa kutotolewa siku moja. Mtetea aliyekaribia kutaga hujulikana: upanga huwa mwekundu, na akikaribiwa huchuchumaa mwenyewe, mabawa ameyatanua kidogo. Asiyefika hapo hukimbia, naye pora akiona mtu anakimbia hukaza mwendo.

Tendo lenyewe ni la sekunde chache. Jogoo humshika mtetea manyoya ya kisogo kwa mdomo, husimama mgongoni kwa miguu yote miwili, hushusha mkia, tundu likagusana na tundu, basi. Maana jogoo, pamoja na majivuno yake yote, hana uume. Mwenye uzoefu hushuka akajikung'uta. Pora huteleza, hujishikilia kwa kucha, huanza upya. Ndiyo maana manyoya hung'oka kisogoni na mgongoni, na ndiyo maana Kungwi alimwagiza yule mama amnyanyue mtetea bawa na kutazama ubavuni, kwani michubuko mibaya hujificha huko.

Akishatazama, mapora wawili watoke bandani. Wa tatu akae upande wa pili wa wavu, awaone dada zake bila kuwafikia, hadi waanze kutaga. Ncha za kucha zake zipigwe tupa, ncha tu, kwa kuwa ndani mna damu. Mtetea aliyenyonyoka ashonewe kivazi cha mgongoni: kipande cha jinzi kuukuu na mikanda miwili ya kupita chini ya mabawa. Majirani watacheka. Wacheke.

Kisha atafutwe koo mmoja mzee, hata wa kuazima. Pora akimrukia bila adabu, koo humgeukia na kumdonoa upanga, na siku mbili tatu za namna hiyo humfunda kijana kuliko fimbo ya mwenye banda. Kungwi anakiri kwamba kwa kazi hii koo amemzidi.

Barua ya pili imeandikwa kwa ukucha, anwani haipo. Pora analalamika: "Nawaita wake zangu kwa chakula kama alivyokuwa akifanya mzee, hawaji. Nifanyeje?"

"Unawaita ukiwa na nini mdomoni?" aliuliza Kungwi. Jogoo mzima akimwona mdudu hulia ko-ko-ko, humwokota, humwangusha, humwokota tena, na hamli mpaka mtetea afike. Watafiti wamewashuhudia majogoo wakiita hali hawana kitu, hasa mtetea akiwa mbali. Mitetea si wajinga. Wakidanganywa mara kadhaa huacha kuitika. Pora ajifunze pia kuzunguka kwa madaha, bawa moja likiburuta chini, na akikataliwa aondoke. Mabavu hayamsaidii sana: mwaka 2000 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Tommaso Pizzari na Tim Birkhead, ulioonyesha kwamba kuku jike akishapandwa na dume la daraja la chini huweza kuzitoa nje mbegu zake. Hapo pora amehangaika bure.

Ya tatu ni ya baba wa Tabata, na haichekeshi. Jogoo wake, aliyelelewa sebuleni tangu mama yake afe kwa kideri, sasa anamrukia mtoto wa miaka mitatu usoni kwa vipi vyake. Kungwi alijibu kwa mistari michache. Jogoo aliyelelewa mikononi mwa watu hawaogopi. Akikomaa huwahesabu kuwa majogoo wenzake. Kumpiga teke ni kuukubali ugomvi wake. Jicho la mtoto halirudi, kwa hiyo hukumu ni supu. Mayai yake yasitotoleshwe, maana ukali nao hurithiwa. Mitetea watataga kama kawaida, kwani yai halihitaji jogoo. Kifaranga ndiye anayemhitaji, na hata hivyo mtetea huhifadhi mbegu mwilini, akaendelea kutaga mayai yenye uhai kwa wiki mbili hivi baada ya bwana kuingia chunguni.

Limebaki tangazo. Wale mapora wawili wa Chanika wana afya, ni wa kishingo, na hawafai kubaki na dada zao, maana uzao wa ndugu hudhoofisha vifaranga. Mwenye jogoo wa ukoo mwingine anayetaka kubadilishana amwandikie Kungwi. Aje na kuku aliyechanjwa kideri, tone moja jichoni kila baada ya miezi 3, na mgeni atakaa peke yake wiki mbili kabla ya kuonyeshwa mitetea, na siku hiyo pora wa tatu naye atampisha.