Sifa za Asilimia Saba na Nusu

Wapo wanaosifu mwezi mchanga, wapo wanaosifu macho ya wapenzi wao. Mimi, mkazi wa Ohio na mlipa kodi wa Marekani, nimeamua kusifu kitu ambacho hakijapata mshairi: ile ruhusa ya kupunguziwa kodi ya mapato kwa sababu ya gharama za matibabu. Kila Machi inaninyima usingizi, nami naona si adabu kukesha na kitu miaka yote hii bila kukitolea hata neno jema.

Kwa wasiojaliwa bahati hiyo, utaratibu ni huu. Fedha uliyotoa mfukoni kwa daktari, dawa, miwani na meno, ambayo bima haikukurudishia, unaiorodhesha kwenye Jedwali A la fomu ya kodi. Kisha unatoa asilimia 7.5 ya pato lako la mwaka. Kilichozidi hapo ndicho unachoruhusiwa kudai. Mwenye pato la dola 60,000 sharti kwanza augue kwa dola 4,500 zake mwenyewe, kimya kimya, ndipo serikali ianze kumwonea huruma.

Huruma hiyo ina nasaba. Bunge la Marekani liliileta mwaka 1942, vita vimepamba moto na kodi ya mapato inaanza kuwafikia watu wa kawaida; kizingiti kikawa asilimia 5. Mwaka 1954 kikashushwa hadi 3, baadaye kikarudi 5, mageuzi ya 1986 yakakipandisha hadi 7.5, mwaka 2013 kikafika 10, kisha kikarudishwa 7.5, na sheria ya mwishoni mwa 2020 ikakikomelea hapo. Madaktari wanahangaika na vipimo; Bunge linajua hadi nukta ni wakati gani mtu amekuwa mgonjwa wa kutosha.

Fadhila zake ndogo nizitaje mbio mbio. Inathamini safari: mwaka 2024 aliyejiendesha kwenda kwa daktari alihesabiwa senti 21 kwa maili. Inapenda muziki: mwaka 1962 mamlaka ya kodi ilikubali gharama za klarineti pamoja na mwalimu wake, kwa kuwa mtoto alikuwa na meno yasiyokutana na kupuliza kungemsaidia. Inajua ujenzi: mwenye maradhi ya moyo akiweka lifti nyumbani kwa dola 8,000, na lifti ikaiongezea nyumba thamani ya 4,400, anadai 3,600 tu. Mfano huo umo katika kijitabu cha mamlaka hiyo ya kodi, Chapisho 502.

Lakini fadhila yake kuu ni nidhamu inayowatia wagonjwa. Kinachohesabiwa ni ulicholipa kati ya Januari mosi na Desemba 31. Asiyejua kodi huugua maradhi yanapomjia, kiholela. Aliyeelimika huugua kwa ratiba. Nyongo ikimchoma mwezi Novemba, hukaa nayo faragha wakazungumza: vumilia, ndugu yangu, mwaka huu nina risiti za dola mia tatu tu, tutaaibika. Nyongo ikikubali kungoja, Januari anaitisha baraza la familia. Baba atapasuliwa nyongo, mama goti, kijana mkubwa atafungwa waya meno, wa kati atapimwa macho, na bibi anaulizwa kwa heshima zote kama lile sikio lake halitapenda kupata kifaa mwaka huu huu. Anayejiona mzima anatazamwa kwa jicho baya, anawaangusha wenzake. Ikifika Agosti na jumla bado haijafika, baba anapanda ngazi kubadilisha taa bila kuangalia sana anapokanyaga. Usiku wa Desemba 31, wakati majirani wanafyatua fataki, yeye yuko kwenye simu akilipa bili kwa kadi, maana kadi huhesabiwa siku ilipotumika, hata kama deni lenyewe atalimaliza mwaka ujao. Kukipambazuka, nyumba nzima inaamriwa iwe na afya kwa miezi kumi na miwili.

Nilikusudia kuendelea hivi kwa unyenyekevu, ila bahasha ziko hapa mezani. Upasuaji ulikuwa mmoja. Barua zimekuja ya hospitali, ya mtia usingizi, ya maabara, na ya msoma picha ambaye sijamwona uso wala kivuli, kila moja kwa mwezi wake. Ya bima imeandikwa juu kwa herufi kubwa kwamba hii si bili, na chini yake zimepangwa tarakimu kama za bili. Nilipiga simu ofisi ya malipo niulize nilipe ipi. Baada ya muziki mrefu, kijana akanijibu kwa upole nisubiri barua nyingine.

Na ukivuka kizingiti hujafika. Jedwali A lina faida pale tu orodha yako nzima, matibabu, kodi za jimbo, riba ya nyumba na sadaka, inapozidi punguzo la kawaida analopewa kila mtu bila kuulizwa risiti. Kwa mwaka 2024 lilikuwa dola 14,600 kwa asiye na mwenza na 29,200 kwa wanandoa. Tangu lilipokuzwa karibu mara mbili mwaka 2018, walipa kodi kama tisa kati ya kumi hawaorodheshi chochote. Yule wetu wa dola 60,000, akitumia 9,000 kwa matibabu, anabakiwa na 4,500 za kudai, na kama hana mkopo wa nyumba wala gharama nyingine kubwa, hazimpi hata senti.

Hata hilo ningelisamehe. Nisilolisamehe ni la mama. Mama yangu yuko Tanga, anasafishwa figo, na fedha zinatoka huku. Sheria inaniruhusu kudai matibabu ya mzazi ninayemgharamia zaidi ya nusu ya mahitaji yake, mradi awe raia wa Marekani, au mkazi wa Marekani, Kanada au Mexico. Mama angekuwa Tijuana, Mexico, angehesabika. Mimi nikienda likizo Tanga nikang'oa jino, jino langu linahesabika, maana matibabu ya mlipa kodi mwenyewe yanakubalika hata ng'ambo. Tungekaa benchi moja hospitalini, jino la mwana likawa gharama ya matibabu na figo za mama zikawa mambo yangu binafsi. Anayenijazia fomu, Mkenya mmoja mwenye subira, alizisogeza zile risiti pembeni: "Kaka, hizi weka. Mama hayumo kwenye ramani yao."

Waliotunga sheria walijua, basi, kwamba mtu anaweza kutoa jasho huku na mzazi wake yuko nje ya mpaka. Wakaishia kwa majirani wawili.

Ninyi mliokwisha kuapa uraia na mna kura, wa Columbus, Minneapolis, Houston na kwingineko, mbunge wenu ana ofisi na simu yake hupokelewa. Mwambieni akifungue kifungu cha 152 cha sheria ya kodi, asome panapotajwa Kanada na Mexico, aongeze na kwetu. Akitaka risiti, ninazo zote, na zina mihuri.