Jinsi ya Kuunda Peugeot 504 ya Ndoto Zako Bila Kushika Spana

1. Anza na Mustang. Itangaze ya mwaka 1969, pale makutano ya Kisian, barabara ya Bondo inapoachana na ile ya Busia, jioni bodaboda wakiwa hawana abiria. Wakishaamini, wape habari mbaya: Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi miaka 8, wala lenye usukani kushoto. Shusha pumzi. Tayari wewe ni mtu ambaye angekuwa na Mustang, na hujatoa hata shilingi.

2. Sasa geukia Peugeot 504. Hapo huna haja ya kueleza chochote. Nusu ya wazee wa Nyanza wamewahi kukunja magoti kwenye kiti cha nyuma cha Peugeot wakielekea Nairobi. Tafuta lililokufa kwa mjomba fulani, chini ya mwembe, na uchague lisilo na injini. Lenye injini litakuponza: siku moja mtu atalitia betri, litawaka, na utalazimika kulimaliza.

3. Lipandishe juu ya mawe, upande unaoonekana barabarani. Mawe Kisian hayakosekani. Lifunike turubai lakini uache pua nje, zile taa zilizoinama na simba wa grili, la sivyo wapita njia watadhani umeanika mahindi. Kuku akianza kutaga kwenye kiti cha nyuma, mwache.

4. Nunua daftari. Gari lenyewe ndilo hilo, kwa hiyo usilifanyie ubahili. Andika: injini ya Toyota 1JZ yenye turbo, rimu pana, breki za diski magurudumu yote. Bei usiandike, mama watoto anajua kusoma. Kisha shukuru wahandisi wa Ufaransa, kwa sababu propela ya 504 imefungiwa ndani ya bomba refu kutoka gia boksi hadi difu. Ukileta injini ya Toyota, utataka gia boksi yake. Ukileta gia boksi, bomba halikubali. Ukitoa bomba, difu nayo iende. Na 1JZ ina silinda 6 kwa mstari, hivyo rejeta haina pa kukaa. Kila swali la jirani lina jibu hapo, na kila jibu ni la kweli. Ukiona umeyamaliza yote, futa 1JZ uandike injini nyingine. Kwenye daftari hakuna haja ya winchi.

5. Beba historia. Ove Andersson alishinda Safari Rally na 504 mwaka 1975. Jean-Pierre Nicolas akarudia 1978. La Nicolas lilikuwa coupé lenye V6 na lako ni la kubebea abiria, lakini wewe sema tu "gari kama hili hili" na uendelee na chai.

6. Jumapili nenda soko la Kibuye ukanunue kitu kimoja kinachong'aa. Kirungu cha gia kinatosha. Kitembeze mkononi wiki nzima. Spea nyingine zote "zinatoka Grogan", na kutoka Kisian hadi Nairobi kuthibitisha ni nauli.

7. Fundi awe yule asiyepokea simu.

8. Taja siku ya kulionyesha. Concours d'Elegance ya Nairobi, pale Ngong Racecourse, imekuwapo tangu 1970, na majaji wake huchungulia hadi uvunguni. Sema basi unaandaa gari la mwaka ujao. Ukiulizwa mwaka ujao, jibu ni lile lile.

9. Hatari ya kweli ni mnunuzi. Atashuka na miwani ya jua, atalizunguka mara mbili, kisha aulize bei huku pesa ziko mfukoni. Mtajie bei ya Mustang. Akikubali, mfungulie mlango wa nyuma, mwonyeshe kuku anavyoatamia, na umwombe arudi baada ya siku 21.